Gobore Linalishwa Nini?

Gobore lina jina baya kando ya Ziwa Tanganyika. Wazungu waliopita na misafara walilicheka, wawindaji waliopata bunduki mpya walilitupa, na polisi wa leo hulitaja katika orodha moja na mapanga na mishale. Lakini bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo ni vitu viwili: mtutu, na kile kinachotiwa ndani ya mtutu. Mtutu mtu hukaa nao miaka. Baruti na risasi huchaguliwa upya kila mlio. Mazungumzo ya leo, wasikilizaji wa Rumonge, Nyanza-Lac, Kabezi, Kigoma na ng'ambo ya maji kule Baraka, yanahusu hicho kinachotiwa. Na yanaanza na shtaka: sehemu kubwa ya aibu ya gobore ilitokana na chakula chake, wala si tumbo lake.

Mwezi wa Novemba 1871 mtumbwi uliotoka Ujiji ulipanda kaskazini ukiambaa pwani hii. Ndani walikuwamo David Livingstone na Henry Morton Stanley, wakitaka kumaliza ubishi uliowasumbua wanajiografia wa Ulaya: je, Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Unaingia, kama mvuvi yeyote wa Uvira angewaambia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, bado lina majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Ila kwa mazungumzo haya, chenye thamani kuliko jiwe ni orodha ya silaha ambayo Stanley aliichapisha katika kitabu cha safari yake. Kwa ajili ya askari wake alinunua bunduki 24 za gumegume, yaani zile zinazowashwa kwa jiwe linalogonga chuma. Kwa ajili yake mwenyewe alikuwa na bunduki chache za kisasa za kupakiwa nyuma. Tena palikuwa na bunduki moja ya tembo, ambayo hakuieleza kwa inchi. Alisema tu kwamba risasi zake ni nane kwa ratili.

Hicho ndicho kipimo cha zamani, na kina akili. Mtu achukue ratili moja ya madini ya risasi, gramu 454, aigawe mafungu sawa, kisha kila fungu aliyeyushe na kulimimina katika kalibu ya mviringo. Mafungu manane hutoa mpira wa gramu 57, upana wake milimita 21. Mafungu kumi na manne hutoa mpira wa gramu 32, uliokuwa wa bunduki ya jeshi la Waingereza iliyopewa jina la utani la Brown Bess. Mafungu manne hutoa dude la gramu 113, na aliyelibeba dude hilo atatajwa baadaye. Kwa tarakimu moja tu mwindaji alijulishwa upana na uzito kwa pamoja, jambo ambalo milimita peke yake haziwezi.

Sasa kasoro yenyewe. Mtutu wa Brown Bess ulikuwa na upana wa milimita 19, na risasi yake milimita 17.5. Tofauti ya milimita moja na nusu iliachwa kwa makusudi. Askari aliyesimama katika mstari alitakiwa kupiga mara tatu kwa dakika huku mtutu ukizidi kujaa masizi, na risasi inayobana ingekwama njiani. Kwake shabaha haikuwa muhimu sana. Mbele yake walisimama watu mia tano bega kwa bega. Bunduki za namna hiyo zilipochakaa au kustaafishwa jeshini Ulaya ziliuzwa Afrika, pamoja na nyingine zilizotengenezwa kwa bei rahisi kwa ajili ya biashara hiyo, na ulegevu wake ukaja nazo. Ila mwindaji hapigi watu mia tano. Anampiga pongo mmoja aliyejificha nusu nyuma ya kichaka, na risasi iliyolegea hugonga ukuta huu na ukuta ule wa mtutu, kisha mwelekeo wake wa kutoka hutegemea ilikogonga mwisho. Huku nyuma hewa ya moto inapenya pembeni yake na nguvu ya baruti inapotea bure.

Dawa yake ilijulikana kitambo, nayo ni kitambaa. Risasi hufungwa katika kipande cha pamba kilichofumwa kwa kubana, unene wa robo hadi nusu milimita, kikalowekwa mafuta, halafu vyote viwili vikashindiliwa kwa mdeki mpaka vikae juu ya baruti. Kitambaa huziba nafasi, hushika risasi katikati ya mtutu, na hufuta masizi ya mlio uliotangulia. Baada ya mlio hudondoka hatua chache mbele, na mwindaji mwangalifu hukiokota kukisoma kabla hata ya kumfuata mnyama. Kikiwa kizima na doa jeusi la mviringo katikati, mambo ni sawa. Kikiwa kimeungua au kimechanika, ama ni chepesi mno, ama baruti imezidi, ama mdomo wa mtutu una makali yanayokikata. Hakuna mashine inayotoa taarifa nzuri namna hiyo bila malipo.

Kitambaa cha aina hiyo kilikuwapo kwa wingi njia nzima ya Bagamoyo hadi Ujiji. Merikani, ile pamba nyeupe ya Marekani, ilibebwa mabegani kwa maelfu ya mizigo. Lakini merikani ilikuwa fedha. Ililipa wapagazi, ilinunua chakula, ilitolewa kuwa hongo kwa watemi pamoja na baruti. Kukata fedha vipande na kuvichoma moto kwa kila mlio ni jambo ambalo wenye busara ya soko wasingelifanya, na ndiyo maana wengi waliziba kwa majani makavu au nyuzi za magome. Majani huzuia risasi isidondoke. Hayaishiki katikati.

Halafu risasi yenyewe. Madini ya risasi hupendwa na wenye bunduki za mdomo kwa sababu tatu: ni mazito, ni laini, na huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo mafiga matatu na kuni kavu hulifikia. Ila yakikosekana, gobore halikatai chochote kinachopita mdomoni mwake. Limewahi kutiwa kokoto, vipande vya waya wa shaba, misumari na miguu ya vyungu vya chuma iliyovunjwa. Siku hizi Tanzania, taarifa za kukamatwa majangili husomeka karibu kwa fomula: gobore moja, baruti kiasi fulani, goroli kadhaa. Goroli ni vile vijipira vya chuma vya beringi za magari na baiskeli. Vinavutia kwa sababu ni mviringo kamili na havihitaji kalibu.

Navyo ni chakula kibovu. Mpira wa risasi wa upana wa milimita 12.4 una gramu 11 na nusu. Goroli ya upana huohuo haifiki gramu nane. Wepesi huo unaifanya ipoteze mwendo upesi hewani. Ugumu wake unauchuna mtutu kwa ndani. Ikigonga mfupa haitanuki, hutoboa tundu dogo au huteleza ikaenda kwingine, na mnyama huondoka na jeraha ambalo litamuua baada ya siku mbili mahali ambapo hata mwindaji hatamwona. Anayejisifu kwamba gobore lake linatema goroli kumi kwa mpigo anajisifu kwa kuwajeruhi wanyama wengi zaidi ya atakaowala.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo risasi laini mno nayo ni kosa. Fuvu la kiboko wa mdomo wa Rusizi au bega la nyati hulibapiza tonge laini kabla halijaingia. Wawindaji wa karne ya 19 walichanganya madini ya risasi na bati kidogo, au zebaki, ili kuyakaza. Zebaki ilikuwa ujinga wa kiafya. Moshi wake ni sumu, na mtu wa leo asijaribu.

Rumonge yenyewe ina ukurasa wake katika habari hii, na si ukurasa wa furaha. Mwaka 1879 mapadri wa shirika la White Fathers walifungua misheni hapa, mojawapo ya za kwanza kabisa katika nchi ambayo leo ni Burundi. Walifuatana na wasaidizi waliowahi kuwa askari wa Papa, watu waliokuja kulinda misheni kwa silaha. Tarehe 4 Mei 1881 mzozo kuhusu mtoto aliyekombolewa na misheni ulifika kwenye damu: padri Deniaud, padri Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa. Misheni ikafungwa. Miaka hiyohiyo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mashuhuri kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji na alituma watu wake wenye bunduki kupanda pwani, lakini hakuweza kuuvunja ufalme wa Mwezi Gisabo kule milimani, ambako jeshi lilikuwa la mikuki na mishale. Sababu zilikuwa nyingi, na milima ni mojawapo. Ila hesabu ya mlio nayo isisahauliwe. Mwenye gobore akishapiga anahitaji kumimina baruti, kuweka risasi, kushindilia, kutia baruti ya kuwashia, kuinua jogoo na kulenga upya. Mpiga upinde katika muda huohuo ameshachomoa mishale kadhaa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi pwani hii haikuingia moja kwa moja katika bunduki za kupakiwa nyuma, maana zilikuwapo. Jibu liko Brussels. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Madola yakaingiwa na hofu, si kwa sababu ya utumwa pekee bali kwa sababu bunduki hizo zingeweza kuelekezwa kwao. Mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890, Zanzibar ikiwamo, ulizuia silaha za moto katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kisha ukaacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Kwa maneno mengine, waliokutana Ubelgiji walikaa mezani wakaamua Mwafrika atashika bunduki ya namna gani, na wakachagua ile isiyolenga vizuri. Gobore halikubaki hapa kwa sababu watu walilipenda sana. Lilibakizwa.

Baruti hiyo ya biashara ilikuwa na punje kubwa zisizolingana, na ubora wake ulitofautiana pipa kwa pipa. Ndipo ilipoanzia tabia ya kuongeza. Kama mkono mmoja haukutosha jana, leo mikono miwili. Na Wazungu waliowacheka wenye magobore walikuwa na tabia ileile.

Frederick Selous ndiye mfano bora. Kijana huyu wa Kiingereza, ambaye kaburi lake liko Beho Beho upande wa Rufiji alikouawa na risasi ya Kijerumani tarehe 4 Januari 1917, alianza uwindaji wa tembo kusini mwa Afrika akiwa na magobore mawili ya bei nafuu yaliyotengenezwa na Hollis wa Birmingham, ya kile kipimo cha risasi nne kwa ratili. Baruti aliichota kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi ubavuni, bila kupima, gramu 30 au zaidi kwa mlio mmoja. Kati ya 1872 na 1874 aliua nao tembo 78. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuwahi kuyatumia: teke la magobore hayo lilimharibu mishipa ya fahamu na shabaha yake haikurudi kuwa kama zamani. Siku moja bunduki yake ilikataa kuwaka. Mbeba bunduki akaishindilia upya juu ya baruti iliyokuwamo. Mlio uliofuata ulimrusha Selous chini na kuvunja kitako. Hifadhi iliyopewa jina lake kusini mwa Tanzania sehemu yake kubwa iligeuzwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini somo la mbeba bunduki yule linafaa kubaki. Naye Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864 pamoja na Florence, aliyekuja kuwa mkewe, alibeba dude lililotengenezwa na Holland wa London, likitupa kombora la nusu ratili. Alikiri bila haya kwamba aliliogopa.

Kipimo cha busara ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Wazee wa Marekani walikuwa na kanuni ya kuanzia: risasi iwekwe juu ya kiganja, baruti imiminwe mpaka iifunike, na hicho ndicho kiasi cha mlio wa kwanza. Kwa vipimo vya leo, bunduki yenye mtutu wa nusu inchi huanzia baruti nyeusi ya gramu tatu na kidogo, na wawindaji wengi huishia kati ya gramu nne na nusu na sita. Kwa gramu nne na nusu, risasi ya gramu 11 na nusu hutoka na mwendo wa karibu mita 500 kwa sekunde. Kuongeza baruti kutoka tatu hadi nne na nusu huongeza mwendo kwa kiasi kinachoonekana. Kuongeza kutoka sita hadi saba na nusu huongeza moshi, teke na masizi, mwendo ukapanda kidogo tu, maana sehemu ya baruti huishia kuungua nje ya mdomo. Na faida yote hiyo huliwa na hewa: mpira wa mviringo ukifika mita 100 umeshapoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake, na zaidi ya nusu ya nguvu ya kupiga. Punje nazo huchaguliwa: kubwa kwa mitutu mipana, ndogo kwa myembamba, na ndogo kabisa, laini kama unga, kwa kijisahani cha kuwashia tu.

Muhimu kuliko kiasi ni usawa. Kopo moja, lililojazwa vilevile kila mara, kwa risasi ya kalibu moja na kitambaa cha unene mmoja, hulifanya hata gobore lisilo na mifereji lifike pale linapoelekezwa kwa umbali wa mita hamsini. Hapo ndipo jina baya la gobore linapoanza kuonekana kuwa la uonevu. Bunduki iliyolishwa goroli, majani na baruti ya kukisia ililaumiwa kwa kutolenga.

Mengine ya upakiaji si ya hiari. Risasi lazima ikae juu ya baruti bila kuacha nafasi. Ikikwama katikati, hewa ya moto hukutana na kizuizi na mtutu hutanuka au hupasuka. Kwa hiyo mdeki hutiwa alama: moja inayoonyesha mtutu mtupu, nyingine inayoonyesha mtutu uliojaa sawasawa. Baruti haimiminwi moja kwa moja kutoka pembe au chupa, kwa sababu cheche iliyobaki ndani huweza kulipua pembe nzima mkononi. Likikataa kuwaka, mdomo unabaki kuelekea mahali salama kwa dakika nzima au zaidi. Na baruti isiyo na moshi, ile inayotolewa katika risasi za bunduki za kijeshi, haiingii katika gobore kamwe, hata nusu kijiko. Shinikizo lake linapanda upesi kupita kile ambacho chuma cha gobore kinaweza kuzuia, na vidole vya mwenye gobore ndivyo vinavyolipa.

Risasi ndefu yenye ncha ni habari nyingine, nayo itapitiwa haraka. Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa mwaka 1849 risasi yenye shimo kitakoni: huingia kwa ulegevu, halafu moto huitanua ikashika mifereji ya mtutu. Bunduki ya Enfield ya 1853 iliitumia kwa uzito wa gramu 34 na baruti isiyofika gramu tano, na mafuta ya karatasi zilizofungia baruti na risasi hiyo yakawa mojawapo ya cheche za maasi ya India ya 1857. Risasi ya namna hiyo haina maana katika mtutu usio na mifereji, itabiringika hewani. Hata penye mifereji, mzunguko ndio unaoamua. Mifereji inayozunguka mara moja kwa kila sentimita 168 hupenda mpira na kitambaa. Inayozunguka kwa kila sentimita 71 hupenda risasi ndefu. Ya sentimita 122 huvumilia zote mbili bila kupendelea sana yoyote.

Kwa mwambao wa Imbo, yaani pwani hii yetu ya ziwa, kuna jambo moja ambalo vitabu vya Marekani havilitilii maanani: unyevu. Mvua za Rumonge huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kwenda hadi Mei, na ziwa lenyewe halipumziki. Gumegume likilowa katika kijisahani halina kazi. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji hewani, na mtutu ulioachwa usiku mmoja bila kusafishwa huanza kushika kutu asubuhi. Tiba ni maji ya moto, kitambaa kikavu, halafu mafuta. Mafuta ya injini hayafai kulowekea kitambaa, kwa kuwa yakiungua pamoja na baruti huacha uchafu mzito kama lami. Nta na mafuta ya wanyama ni bora. Mawese, ambayo Rumonge haijawahi kuyakosa, yasitegemewe kuhifadhia chuma kwa miezi: mafuta ya mimea huchacha.

Anayedhani haya yote ni makumbusho aulize Pennsylvania. Jimbo hilo la Marekani lina tangu 1974 msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume, katikati ya theluji, baada ya Krismasi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi kambini Tanzania, kisha wakapelekwa Marekani kuanzia 2007, wanaweza kuwa na majirani wanaolipia leseni ili washike bunduki ambayo babu za Warundi hao waliachiwa na mkataba wa Brussels. Huko ubishi wa sasa ni kuhusu madini yenyewe. California ilizuia tangu Julai 2019 uwindaji wowote kwa risasi za madini ya risasi, kwa sababu vipande vyake hubaki katika nyama na katika matumbo ya ndege wala mizoga, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha sumu hiyo kilicho salama mwilini. Mpira wa mwendo mdogo hausambai kama risasi ya bunduki ya kisasa, lakini nyama inayozunguka jeraha hukatwa na kutupwa. Watoto wasipewe.

Burundi hakuna msimu wa namna hiyo. Misitu iliyobaki karibu nasi, Vyanda na Kigwena, ni hifadhi. Vyanda bado ina sokwe, na mahali pachache pa Afrika wanapatikana kusini zaidi ya hapo. Sheria ya hifadhi haiulizi kama risasi ilikuwa ya madini gani. Sheria ya silaha ndogo ya Agosti 2009 nayo inazihusu bunduki zilizotengenezwa kienyeji, zile ambazo Kirundi huziita mugobore, nyingi zikiwa bomba la chuma lililofungwa kwenye kipande cha mti. Bomba la maji halikufuliwa kubeba mlipuko, na hakuna kipimo cha baruti katika mazungumzo haya kinachofaa kwa bomba la maji.

Mwenye kurithi gobore la babu, lililoning'inia ukutani au kufichwa darini, na asiyejua kama limejaa, alichukulie kuwa limejaa. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haifi kwa miaka mingi. Asijaribu kifyatulio. Mdeki au kijiti cha mti uteremshwe taratibu mtutuni, mwili ukiwa pembeni ya mdomo, na mahali unapoishia patiwe alama. Kisha uwekwe nje sambamba na mtutu. Ukiwa haufiki usawa wa tundu la moto, kuna kitu ndani. Basi gobore liachwe hapohapo, mdomo ukielekea pasipo na watu, watoto watolewe nyumbani, na polisi wa komini waitwe walichukue.